Sikuitaja Boriti

Ningemwambia Pasta Ndolo hapana, leo nisingekuwa na haja ya kuandika haya. Alinikuta nje ya kanisa letu hapa Nuu, Jumapili asubuhi, wakati tulipokuwa tumemaliza kuvuna ndengu na kila mtu alikuwa na uso wa kushiba. Alinishika mkono akaushikilia, jinsi anavyofanya akitaka kitu, akasema wakati wa ushuhuda angependa nisimame. "Mzee Kimeu, watu wamekiona kichwa chako," akaniambia. "Sasa wasikie." Nikakubali. Hakuna aliyenisukuma. Niliacha kofia yangu kwenye benchi nikaenda mbele kwa miguu yangu mwenyewe.

Habari za kichwa chenyewe ni hizi. Kwa miaka mingi, tangu nilipokuwa karani wa stoo ya saruji na mabati kule Makindu, nilikuwa na kinundu utosini. Hakikuuma. Kinyozi alikizunguka na mashine kama mtu anayelima kando ya kisiki. Nilipostaafu na kurudi Nuu kulima, kilianza kukua, kikafika ukubwa wa yai la kanga. Wazee wenzangu sokoni waliniuliza kama nimeanza kuweka akiba ya ubongo. Mke wangu, Ndinda, aliniambia niende hospitali. Nilimjibu nitaenda nikimaliza kupanda, kisha nikimaliza kupalilia, kisha nikimaliza kuvuna.

Wiki ile ya mavuno watu wa kikundi cha maombi walikuja nyumbani wakaniwekea mikono. Pasta mwenyewe alikishika kinundu akaomba kwa sauti mpaka shati lake likalowa. Siku mbili tatu baadaye nilikuwa naingiza magunia ya ndengu kwenye stoo yetu ya nafaka. Mlango wa stoo ile ni mfupi. Niliinuka kabla sijavuka, nikajigonga utosini kwenye boriti, kishindo ambacho Ndinda alikisikia akiwa jikoni. Kinundu kikapasuka. Kikatoka kitu cheupe, kizito kama uji uliolala, chenye harufu ambayo sitaieleza. Ndinda alinikamua, akaniosha kwa maji ya chumvi, akanifunga leso. Jumapili ilipofika, utosi wangu ulikuwa karibu kuwa kama wa watu wengine.

Wasiosali katika makanisa kama letu huenda hawajui kwamba ushuhuda una umbo lake. Unaanza na Bwana asifiwe. Unasema jina lako, unasema umeokoka na unampenda Bwana. Halafu unaeleza ulivyokuwa, unaeleza ulivyoombewa, unaeleza ulivyo sasa, na watu wanapiga makofi. Katikati hapo hapana nafasi ya boriti. Nilisimama nikiwa na maiki mkononi nikasema: nilikuwa na uvimbe, watumishi wa Mungu waliniombea, uvimbe umekwenda. Nikainamisha kichwa ili wa mbele waone. Akina mama wakapiga vigelegele. Sikudanganya kwa neno hata moja, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwa maana ningedanganya waziwazi pengine mtu angenishika.

Dada yangu Mumbua alikuwa ameketi safu ya tatu. Ndiye aliyenifuata kuzaliwa, na kati ya watoto wa mama yetu ni sisi wawili tu tuliokuwa tumebaki. Aliolewa kule karibu na mji wa Wote, na alikuwa amefika Jumamosi kutusaidia kumalizia mavuno. Tangu utotoni hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mwanaamwaitu, yaani mtoto wa mama yangu, na mimi nilimwita hivyohivyo. Baada ya ibada alinishika mikono yote miwili akalia. Nilifikiri analia kwa furaha yangu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Jioni ile Ndinda alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo. Bila kuinua macho aliniambia, "Kabla dada yako hajarudi Wote, mwambie kuhusu boriti."

Nilimuuliza kama anataka mume wake aitwe mwongo kwa sababu ya mlango mfupi.

"Si wewe ninayemfikiria," akasema.

Ningemuuliza anamfikiria nani. Mtu mzima mwenye akili angeuliza. Mimi nilitoka nje kuzungumza na jirani aliyekuja kuniona utosi.

*

Mvua ya Machi ilipoanza, kinundu kilirudi. Hakikurudi peke yake. Kwanza kilikuwa kimoja mahali pale pale, halafu kingine kando yake, halafu vikashikana kama viazi vilivyoota kwenye shina moja. Nywele za juu zilianguka. Ngozi ikawa nyembamba, inang'aa, na ukiigusa inatoa maji. Sikuweza kulala chali. Niliamka asubuhi nikakuta foronya imegandamana na kichwa, na Ndinda akailowesha taratibu mpaka ikaachia.

Nilikwenda kwa Pasta, nikavua kofia. Alitazama muda, kisha akatazama mlango. Aliniambia adui anataka kuiba ushuhuda wangu, kwa hiyo nisimwonyeshe mtu, niendelee kukiri kwamba nimepona. Nikamuuliza nitakaaje kanisani. Hapo akanipa ruhusa ambayo hakuna mwanamume mwingine wa kanisa lile amewahi kupewa: niketi ibadani nikiwa nimevaa kofia.

Fikirieni jambo hilo. Kwetu hata mlevi akipita karibu na maombi anavua kofia. Nilikaa miezi yote ya kiangazi katikati ya wanaume wenye vichwa wazi, mimi peke yangu nikiwa na kofia ya sufu katika joto lile, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Mzee mmoja tu sokoni aliniuliza kama nimejiunga na umoja wa akina mama, maana ndio wanaofunika kichwa wakisali. Wengine walicheka. Nami nilicheka. Inzi walinifuata nyumbani.

Nina hasira na Pasta Ndolo na siifichi. Lakini yeye hakuwa stooni siku ile. Niliyekuwa stooni ni mimi, niliyesoma hadi kidato cha nne, niliyekuwa nikisomea majirani barua zao za hospitali na kuwaambia wasichelewe.

Ugomvi nyumbani ulikuwa mbaya. Ndinda alinipikia, akaniosha kidonda, lakini aliacha kuzungumza nami isipokuwa ya lazima. Binti yetu alipopiga simu, mama yake alimwambia, "Baba yako yuko, anatunza ushuhuda wake." Nilidhani ananidhihaki. Sikujua kwamba alikuwa amebeba siri ya mtu mwingine, na kwamba ilikuwa inamla.

Ilipofika mwisho wa kiangazi kofia ilianza kunuka hata ikifuliwa. Ndinda aliiweka mezani mbele yangu akasema nichague: nitaenda hospitali au yeye ataenda kwa binti yetu. Nikasema nitaenda, lakini si Mwingi wala Kitui, ambako ningekutana na waumini kwenye foleni. Nitaenda Wote. Ndivyo nilivyopanga safari ya siku nzima na mgonjwa ni mimi, ili tu nisionekane. Ndinda alisema vizuri, basi nitalala kwa Mumbua. Nilisema nitatafuta pahali pengine. Akasema, "Utalala kwa Mumbua," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuoane.

*

Nilifika jua likiwa bado liko juu ya vilima. Mumbua alitoka kunipokea akaninyooshea mkono wa kushoto. Nilishangaa, maana mama yetu alitufunza sote kusalimia kwa wa kulia, na yeye alikuwa mkali wa adabu kuliko mimi. Ndipo nikaona. Mkono wa kulia ulikuwa umefura kuanzia begani hadi vidoleni, ameuegemeza kwenye leso aliyojifunga shingoni. Alikuwa amekonda. Lakini macho yalikuwa yale yale.

"Mwanaamwaitu," akasema, "na hiyo kofia utalala nayo?"

Nilisema Nuu kumekuwa na baridi. Alicheka, kwa sababu Nuu haijawahi kuwa na baridi.

Mtoto wake Muthama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alituletea viti nje ya jikoni, akatuletea na muthokoi wa mahindi na maharagwe. Tulikula. Tulipomaliza, Mumbua alimwomba Muthama amsaidie kupiga magoti, na mbele yangu akapiga magoti, dada yangu mwenye wajukuu, akafunga macho.

"Niwekee mkono," akasema. "Wewe ulipewa. Niombee nami nipewe. Wangu uko kwenye titi, na umechelewa kidogo, lakini nimengoja kwa imani."

Kuku walikuwa wanaingia bandani na Muthama alikuwa ananitazama. Sikuweka mkono. Nilivua kofia. Ilikuwa imeshika kwenye kidonda, nikaivuta, damu ikanishuka sikioni.

Mumbua akafungua macho. "Kwani hukupona?"

"Sikupona. Nilijigonga kwenye boriti ya stoo, kikapasuka. Halafu kikarudi."

"Boriti gani?"

Nikamweleza. Magunia, mlango, kishindo, leso ya Ndinda. Alisikiliza yote akiwa bado amepiga magoti. Kisha akasema polepole, "Nilikuwa nimeambiwa na daktari nirudi wanikate kipande kidogo wakipime. Siku yenyewe ilipofika, nilikwenda kanisani badala yake. Nikawaambia waumini, uvimbe wa ndugu yangu umekwenda kwa maombi, na huu ni uvimbe. Kule kwenu nilimwambia Ndinda peke yake, wakati ule wa mavuno, nikamwapisha asikwambie, kwa sababu ni mambo ya kifua, na wewe ni ndugu yangu."

Muthama alimwinua mama yake. Kwangu alisema maneno matatu tu, na hakupandisha sauti. "Mjomba, wewe umesoma."

Ndinda naye, nilipompigia simu, alilia kwanza, halafu akanikaripia, halafu akajikaripia mwenyewe. Alisema kiapo kile alikihesabu kuwa kikubwa kuliko akili yake. Na boriti hakuwa amemtajia Mumbua, akiogopa mume kuitwa mwongo kwa kinywa cha mke wake. Lakini kwangu alikuwa amejaribu.

*

Kesho yake tulikaa benchi moja hospitalini, mimi na dada yangu, foleni mbili zilizokuwa zinaanzia ukuta mmoja. Nataka kuwaambia ninyi mtakaokalia mabenchi hayo kwamba mtazoea. Utajua ni mlango upi unaofunguka upesi. Utajua mama anayeuza chai nje ya geti huwa anaweka tangawizi ukimwomba. Utakutana na watu kama mzee mmoja mwenye bendeji mguuni, aliyeitazama kofia yangu akaniuliza, "Hiyo imekuja kutibiwa au imekusindikiza?" Mumbua alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimshukuru mtu yule na bado namshukuru.

Nesi aliyenivua kofia hakukunja pua. Alimwaga maji ya dawa, akangoja, akamwaga tena, akizungumza nami kuhusu bei ya ndengu kana kwamba tumekutana sokoni. Nimefanyiwa mengi tangu siku ile na siwezi kuyakumbuka yote, lakini nakumbuka kwamba hakukunja pua.

Tulikatwa vipande, kila mmoja wake. Vikapelekwa maabara. Tulingoja majibu nyumbani kwa Mumbua, na mvua ya Oktoba ikatukuta hapo. Nilimlimia shamba lake nikiwa nimefungwa bendeji kichwa kizima. Muthama alinipita njiani kama unavyopita mti.

Majibu yangu yalitoka kwanza. Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, alisema ni uvimbe unaotoka kwenye shina la nywele, si wa kawaida, huwapata wazee, na mara nyingi huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Nesi aliona sijaelewa, akanisaidia. "Mzee, huu ni uvimbe mpole. Si kansa. Ukikatwa wote na mizizi yake, umepona."

Mpole. Nililirudia neno hilo nikienda kwenye benchi. Kitu kilichoninyima usingizi, kikanitoa nywele, kikanivalisha kofia kanisani, kilikuwa kipole. Mumbua aliingia baada yangu, akakaa ndani kwa muda mrefu. Alipotoka aliketi kando yangu akapanga leso yake.

"Wangu si mpole," akasema.

Nilisimama mbele ya watu nikasema uvimbe. Sikusema uvimbe gani, kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu sikuwa nimeenda kupimwa. Neno ni moja kwa wote wawili. Alilichukua neno langu akaenda nalo nyumbani.

*

Mimi nilikatwa mvua ikiendelea. Walitoa ngozi ya paja wakaishona utosini. Nitawaambia ukweli: paja liliuma kuliko kichwa. Kwa wiki nyingi nilinuka dawa, na kiraka kilikuwa na rangi tofauti na mimi, kama suruali iliyotiwa kitambaa cha mtu mwingine. Hakioti nywele na hakitaota. Ndinda alikuja kutoka Nuu, akanishonea kofia laini za pamba. Siku ya kwanza aliponivalisha moja alinishika mashavu, na ndipo nikajua tumeanza kuzungumza tena.

Mumbua alipelekwa Nairobi kwa dawa za kansa zinazopitishwa kwenye mshipa. Alikwenda na kurudi, na kila aliporudi alikuwa amepungua. Nywele zake zilianguka zote. Jioni moja, ndengu zikiwa zimeanza kukauka shambani, tulikuwa tumekaa nje ya jiko lake, wote tumevua vilivyotufunika kwa sababu ya joto. Alinitazama, akajipapasa kichwa, akasema, "Sasa mama angetuchanganya."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeomba mara nyingi, lakini siku hiyo alinijibu.

"Nimekasirika, mwanaamwaitu," akasema. "Nikiamka nimekasirika, nikilala nimekasirika. Msamaha nitautoa, usiniharakishe. Lakini wewe nenda ukaiseme boriti pale pale uliposimama."

Nilirudi Nuu. Nikamwambia Pasta Ndolo nataka wakati wa ushuhuda. Nilimweleza yote, na habari za Mumbua. Alinishika mkono akaushikilia, nikadhani ameumia kama mimi. Halafu akasema, "Mzee, ushuhuda ni wa kujenga. Huo unabomoa." Akaniambia atamweka dada yangu kwenye maombi ya wiki.

Jumapili nilisimama bila kupewa maiki. Nilivua kofia, nikageukia watu, wakaona kiraka. Nilisema, jamani, nilijigonga kwenye boriti. Nilikuwa nimefika kwenye habari ya mlango, ndipo mpiga kinanda alipopewa ishara na kwaya ikaanza kuimba. Niliendelea. Wao wakapandisha sauti, nami nikapandisha yangu, mpaka nikawa napiga kelele juu ya wimbo wa sifa: boriti, boriti, nendeni hospitali. Watoto walicheka. Wanaume wawili walinishika viwiko kwa heshima wakanitoa nje. Sijarudi tangu siku hiyo.

Nilipomsimulia Mumbua, alicheka mpaka Muthama akaja mbio akidhani amezidiwa. "Na kwaya iliimba wimbo gani?" aliuliza. Nilipoutaja akacheka tena. Kisha akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto akasema, "Basi nimekusamehe." Siku zilizobaki hatukulizungumzia tena.

Wiki chache baadaye wanawake wawili wa kanisa lile walikuja kwangu bila kujulikana na mtu, mmoja na kinundu shingoni, mwingine kwapani. Nilikwenda nao hospitali wote wawili. Huyo wa shingoni wake ulikuwa mpole. Wa kwapani bado anatibiwa, na amewahi. Kama unasoma haya nawe una uvimbe mahali, hata kama umekaa miaka bila kuuma, hata kama umeombewa, nenda ukakatwe kipande. Ombewa ukiwa kwenye foleni. Na ukipona, eleza kila kitu, pamoja na boriti.

Mumbua alifariki mvua ya Machi ilipokuwa imeanza tu. Muthama aliniomba nisiseme neno mazishini, na sikusema. Nilisimama nyuma, kichwa wazi, mvua ikinyesha kwenye kiraka.

Kichwa changu kimepona. Daktari anasema kinundu hakitarudi. Kukubali kwangu Jumapili ile kulinigharimu dada yangu. Alikuwa na uvimbe ambao ungeweza kutibiwa alipousikia ushuhuda wangu, na haukuweza kutibiwa aliponiona bila kofia. Mtoto wake hanipigii simu. Na hakuna mtu aliyebaki duniani wa kuniita mwanaamwaitu.